Umeme Ulipokatika Brno

Moyo una methali zake.
Ini lina mabembelezo yake.
Figo je? Nani aliwahi kumwambia mpenziwe,
"Ewe figo langu"?
Linachuja, linanyamaza,
kama mfagizi wa kituo ambaye hakuna amjuaye jina.

Nami nilikuwa nayo mawili, sikuyajali.
Miaka ishirini na saba niliendesha tramu,
nikibana mkojo kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho,
mpaka asubuhi ile ya Februari, choo cha madereva,
ulipotoka na rangi ya mvinyo.
Nikavuta mnyororo. Nikarudi kitini.
Nilichelewa dakika mbili tu.

Daktari Hrubeš akasema uvimbe una ukubwa wa plamu.
Kwa nini matunda? Kwa nini siku zote matunda?
Otakar wangu, ambaye kila Septemba
hujaza pipa la plamu kwa pombe yake,
mwaka ule aliziacha zioze mtini.

Jioni ya kuamkia upasuaji akaja Blažena,
muuguzi mwenye viatu vinavyolia,
na karatasi, kurasa nne.
"Kipande kidogo tu. Cha utafiti. Una haki ya kukataa."
Kalamu ilikataa kabla yangu.
Nikaichorachora pembeni mwa chemshabongo hadi wino ukashuka,
nikatia sahihi: Drahomíra Šindelářová,
jina refu kwa kitu kilicho kama punje ya njegere.

Nilikuwa usingizini, kwa hiyo nilisimuliwa:
kijana alisubiri mlangoni na ndoo ya barafu,
akapokea, akatimua mbio.
Dakika thelathini; zikipita,
chembe huanza kusahau zilikuwa za nani.
Nikacheka, mshono ukaniuma.
Maisha yangu yote nimekimbizana na ratiba,
kumbe hata nyama yangu nayo.

Sasa imo chini ya ardhi, nyuma ya hospitali,
digrii themanini chini ya sifuri,
haina jina. Herufi mbili, tarakimu sita.
Kipande kimoja kizima, kimoja kigonjwa,
bega kwa bega, kama ndugu waliogombana
kwenye picha ya harusi.

Mwaka wa tatu ugonjwa ukanifuata mapafuni.
Nikapewa vidonge. Vinanichubua viganja,
vinaupa mkate ladha ya sarafu.
Nikauliza vimetoka wapi.
Hrubeš akavua miwani.
"Kwa watu waliotia sahihi kabla yako."
Hakusema wangapi wamezikwa.

Usiku huo nilimeza polepole,
kama mtu anayekula katika nyumba ya watu
na wenyewe hawapo.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo.
Hapa wenyeji wamekwenda,
na anayepona, au anayejaribu,
ni mgeni.
Sijui walikuwa nani. Labda mmoja wao
nilimfungia mlango wa tramu usoni
siku ya mvua, kwa ajili ya dakika mbili.

Jana dhoruba ilipiga. Umeme ukakatika mtaa mzima.
Otakar akapapasa droo akitafuta mishumaa.
Mimi nikatafuta simu.
Iliita mara tisa.
"Majokofu," nikasema, bila hata salamu, "yanayeyuka?"
Sauti ya kijana, imechoka, ina tonge mdomoni:
"Tuna jenereta, mama. Sikia."
Akasogeza simu. Nikasikia mngurumo,
mnene, usiokatika,
na kwa mara ya kwanza nikaona haya
kwa kuwa nilikuwa nimesimama gizani bila viatu,
nikikilinda kitu ambacho si changu tena.

"Lala," akasema.
"Wewe ni wa sita kupiga usiku huu."