Mbizi Moja, Kenga

Meli yenu imetia nanga saa mbili, itang'oa saa tisa.
Toa foleni ya boti, toa maswali ya kifua na pumu,
toa robo saa ya kupigana na suti ya mpira:
inabaki mbizi moja, Kenga.
Moja tu.

Wewe si abiria. Dobi.
Miaka minane unapiga pasi mashuka juu ya bahari,
nayo haijakulowesha hata unyayo.
"Kwetu Maweni hapo," waniambia, "na kuogelea sijui."

Maji ya kiunoni kwanza.
Bana pua, sukuma pumzi masikioni.
Pumzi huku haiwekwi akiba: ivute, iachie.
Na dole gumba juu si "poa", ni "nipandishe".

Mita nne. Tewa akatoa kichwa jabalini,
akakukagua kama afisa wa forodha.
Ukaniachia mkono.

Dakika ya ishirini na sita nikaonyesha saa.
Ukanijibu kwa dole gumba,
chini.

Saa nane unusu uko gatini,
shati limenyooka kwa pasi yako mwenyewe,
ncha za vidole zimejikunja kwa maji,
mikunjo usiyotaka kuinyoosha.