Hesabu ya Dobi, Upanga

Alipenda kuzihesabu nguo zake mwenyewe juu ya meza yangu
kwa Kiswahili cha kujifunzia,
kidole kikigusa kola baada ya kola:
moja, mbili, tatu, nne, tano, saba.
Kila Jumatatu aliiruka sita.
Kila Jumatatu nilimrudisha, akacheka, akairuka tena.
Bwana Lisandro, katibu wa pili wa ubalozi
wenye geti la kijani nyuma ya kibanda changu,
aliyempa shikamoo hata mtoto wa muuza vocha.

Kwao kulikuwa kumechafuka. Hakunisimulia.
Dobi hasimuliwi, dobi husoma.
Nilisoma jasho la kwapani kwenye shati la Julai,
majivu ya sigara kwa mtu asiyevuta,
wino uliofutwa kwa kiganja, haraka.
Mara mbili aliniuliza
kama mlango wangu wa uani hufunguka.

Alhamisi umeme ulikatika.
Nilikuwa nje napuliza mkaa wa pasi,
nikadhani ni pikipiki inakohoa.
Bi. Mwanakombo wa nyumba ya pili akahesabu kwa sauti,
kama ahesabuye vitumbua vya watu,
mpaka pakawa kimya, naye akanyamaza.
Gazeti la kesho yake likaandika kwa tarakimu.
Sita.
Namba aliyoikwepa mwaka mzima
ilimngoja getini,
mkononi ana mkate wa boflo, bado wa moto.

Bendera ikashushwa nusu mlingoti.
Wakubwa wakalaani kwa maneno yaliyopigwa pasi,
yasiyo na kunyanzi hata moja.
Mimi nikabaki na suti ya kijivu,
tiketi mia nne na kumi na tisa,
na katika mfuko wa kifuani karatasi iliyokunjwa mara nne.
Lugha yao siijui.
Lakini majina ya watu hujulikana, yana herufi kubwa,
na mengine yalikuwa yamekatwa kwa mstari.

Jumamosi wakaja wawili, vitambaa vyeusi mikononi,
lafudhi ileile ya marehemu, viatu vipya.
Stakabadhi hawakuwa nayo.
"Mifukoni mlikuwa na nini?"

Ee lugha yangu, ulivyo mbahili wa silabi!
Sita ni idadi ya risasi.
Sita ni agizo kwa mguu ulio kizingitini.
Na sita ndiyo inayotangulia
kila mtu anapokataa:
sitasema, sitatoa, sitaonyesha.

"Mia mbili," nikawaambia, "na tiketi ya maegesho."
Wakachukua vyote viwili.
Hata ile mia mbili.

Mjane alikuja wiki ya pili, na stakabadhi.
Nikaitandaza suti, nikamwonyesha kwa kidole bitana,
pale ambapo mshono ni mnene
kuliko alivyoushona fundi wa kwao.
Hakuuliza. Macho yake yalikwenda barabarani, yakarudi.
Mkasi nikamfungia katika gazeti, bila bei.

Kisha akayavuta mashati yaliyobaki,
akayahesabu taratibu, kwa Kiswahili cha mumewe,
kidole kola hadi kola:
moja, mbili, tatu, nne, tano,

akasita.

Nami, kwa mara ya kwanza, sikurudisha mtu.