Nani Atakaa Mbele

Jumatano usiku, umeme umerudi.
Nimefuta meza kwa kiganja, maana vumbi la Ilazo
halibishi hodi,
nimegeuza daftari la hesabu la Chiwanga
na kwenye kurasa za nyuma, alizoziacha zilale,
nimeandika: SAFARI YA MBEYA.
Chini yake: mafuta.
Chini yake: mafuta tena,
kwa kuwa kaka yangu Mbeleje akikuazima gari
hukuazima pamoja na kiu yake.

Na masharti. Kwa simu, mara mbili, kwa sauti ya hakimu:
kioo cha kushoto msikiguse,
gia ya tatu ibembelezwe,
na samaki wa Mtera wasipande gari langu,
hata mmoja, hata wa kukaangwa,
hata kwenye ndoo yenye mfuniko.

"Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri," nasema.
Kimya. Vidole gumba vinakimbia juu ya simu mbili.
"Kumi na moja ya nani?" anauliza Chiwanga,
miaka kumi na minne, miguu imemtangulia utu uzima,
kiatu namba arobaini na tatu,
akili ingali nyuma, inafunga kamba.

Nawachorea njia kwa peni:
Mlowa (siwaambii kwamba sijawahi kuendesha kupita Mlowa),
Fufu, Mtera, tunavuka bwawa,
halafu mlima Nyang'oro na kona zake za kukunja tumbo.
Iringa tunakula. Wali, si chipsi.
Mafinga, misonobari imesimama gwaride,
Makambako, upepo wa kumvua mtu kofia,
kisha
"Chaji tutaweka wapi?"
"Nyang'oro kuna mtandao?"
"Nani atakaa mbele?"

Basi. Mji huu una bunge lake,
nasi tuna letu, lisilo na spika.
Nyemo anadai umri.
Chiwanga anadai miguu.
Nyemo anasema mwenye miguu mirefu aning'inize dirishani.
Chiwanga anasema wanaotapika kwenye kona
wakae nyuma na mfuko wao.
Nagonga meza kwa kijiko:
kwenda, Nyemo. Kurudi, Chiwanga.
Nimemaliza.

"Sawa!" anadaka Chiwanga, mshindi,
kisha mdomo unabaki wazi
kama wa mtu aliyetia sahihi kabla ya kusoma.

Maana pale ukutani lipo tranka jipya lenye kufuli la njano.
Lipo fagio la chelewa, jembe, ndoo yenye jina lake kwa rangi nyekundu,
sweta mbili za mtumba nilizozigombania Sabasaba,
mlenda mkavu kwenye mfuko wa khaki,
na barua ya kidato cha tano, imekunjwa mara nne.
Nami wiki nzima naita haya matembezi.

Nyemo analivuta daftari.
Anapita mstari kwa mstari, anahesabu kwa midomo,
anafika nilipoandika: chakula, kurudi, watu watatu.
"Umekosea hapa, mama,"
taratibu, kama anayemsahihisha jirani wa dawati.
Anakata. Anaandika: wawili.
Mwandiko wake umenyooka,
wangu ndio uliopinda hadi pembezoni.

"Kurudi nitakaa nyuma," Chiwanga anaiambia simu yake.
"Si ulitaka mbele?"
"Miguu," anasema. "Nyuma nitalala."
Hakuna anayemwambia kwamba nyuma ndiko kwembamba.
Naenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakipo jikoni.

Nikirudi, peni bado iko kwa Nyemo.
Ameongeza mstari, chini kabisa, karibu na ukingo:
Mtera, kurudi, samaki, fungu moja kubwa.
Mjomba akiuliza,
semeni ni mimi niliyewapakia.