Kibuyu cha Anansia

Tone la mtindi wa marehemu Anansia, wa Kibosho,
nimelitandaza kiooni, nikalitia rangi.
Nikaosha. Zambarau ikagoma kutoka.
Vijiti! Vijiti tele, vimelaliana
kama kuni darini.

Hawana kiini.
Uzi wao wa urithi umejikunja tu humo ndani,
kitanzi kisicho na chumba.
Walikuwapo kabla ya jani, kabla ya jicho;
Kibo yenyewe, mbele yao, ni mtoto wa juzi.

Mmoja hujigawa, wakawa wawili. Nani mama?
Hakuna wa kuzikwa.

Saa nane, maabara, Moshi mjini. Umeme umekatika.
Nafungua kichupa, nanusa:
ukali uleule wa jikoni kwake.

Alitukataza kukiosha kwa sabuni.
Nilidhani uchafu.