Maiti Mmoja, Wauaji Wawili

Sista Milagros alipomaliza mkataba wake Bugando
akarudi kwao visiwani,
aliacha boksi chini ya ngazi ya maabara.
Watu waligombea boksi.
Mimi nilichukua vitabu.

Vyote vya mauaji. Mtawa, na damu namna ile!
Majalada yamejikunja kwa unyevu wa mabara mawili,
na pembeni mwa kurasa, kwa penseli nyembamba,
sista kaacha mashaka yake.

Nasoma zamu ya usiku, dakika ishirini za chai,
kiwandani Igogo. Glovu nimezivua
lakini vidole vingali vinanuka sangara.
Kiingereza changu cha kidato cha nne
kinachechemea, ila kinafika.
Kamusi naipakata kama mtoto wa jirani.

Manila mvua imenyesha siku tisa.
Mwenye duka la dawa kaokotwa mtaroni:
kiatu kimoja,
risiti mfukoni, wino haujafutika.
Inspekta Abad hana haraka.
Anakula wali na visamaki vikavu,
vichungu kidogo kichwani,
nikacheka peke yangu: mama wee, si dagaa hao?
Tangu hapo nilimwamini.
Mtu anayetafuna kichwa cha dagaa
hadanganywi na risiti.

Nilimshuku dereva. Kisha mjane. Kisha dereva tena.
Ukurasa wa mia tatu na kumi, saa kumi alfajiri,
kengele ya zamu inalia nami nimeduwaa:
ni dada wa marehemu,
yule aliyewakorogea uji waombolezaji.

Basi Jumamosi napita Mabatini,
ubao wa Maduhu umeandikwa kwa chaki:
MAUAJI YA MASIKA, IMETAFSIRIWA, MIA TANO.
Nikainua pazia la blanketi.
Kwenye skrini, kiatu kimoja kinaelea.

Kitabu changu! Kinatembea, kina sura, kina jasho,
na mtafsiri anawafunika wote kwa sauti moja,
mjane na askari, mbwa na ngurumo:
"Maji haya, ndugu watazamaji,
ni Mirongo umefura, ukizubaa unaokotwa ziwani!"
Kibanda kizima kikaguna.

Kalekwa, mwenzangu wa meza ya minofu,
kaweka dau la soda: ni dereva.
Nikauma ulimi.
Kumbe kujua ni mzigo mtamu,
ni kupita na ndoo iliyojaa
katikati ya watu wenye kiu.
Kila uji ulipokorogwa nilitetemeka,
nikawatazama usoni: hamuoni? Hamuoni ule mwiko?

Hawakuona. Na filamu nayo haikuona.
Pingu zikalia, kha!
mikononi mwa mweka hazina wa kanisa.

"Siyo yeye!"
Nilisimama bila kujua nimesimama.
Kivuli changu kikamfunika Inspekta Abad.
"Kaa chini, shangazi!"
"Kwani wewe ulikuwepo?"

Nilikuwepo.
Usiku kumi na moja, dakika ishirini ishirini.

Nyumbani niliwasha taa nikarudi nyuma,
ukurasa kwa ukurasa, kama mtu aliyeibiwa.
Arobaini na moja. Mweka hazina anapiga magoti,
na pembeni, penseli ya Sista Milagros:
Ni huyu. Anasali kwa sauti mno.

Hakulifuta, hata alipofika mwisho.
Alimaliza kitabu akabaki na mtu wake,
na huko kwao, sijui lini, mtu mwingine mwenye kamera
akabaki na yuleyule.

Marehemu ni mmoja. Wauaji sasa wawili,
na mmoja wao hakuua,
na yupo jela ya filamu tu.
Huku kitabuni mwanamke anakoroga uji,
anauliza nani hajapata sukari.

Nikachonga penseli.
Chini ya mwandiko wa sista nikaandika:
Maduhu yuko upande wako.
Mimi bado.

Na Kalekwa hajalipa soda.