Jaza Nafasi

Saa tano usiku, Ibra. Kiyoyozi kinakohoa.
Thuwaiba kaketi sakafuni, miwani ya mumewe puani.
Mtihani wa Kiingereza ni Jumapili;
asipopata hamsini, hospitali haitampandisha cheo.

Swali la kumi na saba:
Mwanamke huyu, nukta nukta nukta, hapa
tangu mwaka wa sabini na nne.
A, aliishi. B, anaishi.
C, ameishi. D, ataishi.

Shinuna, miaka tisa, anachungulia begani:
"C, Mama. Hilo 'tangu' linakwambia."

Anaizungushia C duara, lakini penseli haiinuki.
Anamfikiria mamake, aliyeteremka Maskati na sanduku moja,
ambaye hadi leo akiulizwa kwao ni wapi
huitaja Wete kwanza,
kisha husonya,
kisha huitaja Ibra.

Ufahamu, aya ya pili. Mwandishi anamaanisha nini?
Anasoma mara tatu.
Majibu yote manne yana ukweli kidogo.

"Chagua moja tu, Mama."
"Moja tu," anaitikia, na anafuta,
na kifutio kimekwisha zamani:
kimebaki kibati, kinakwaruza karatasi.