Plagi Nyeusi

Ujumbe wa sauti umeingia saa tano ya usiku,
nimeshafunga mlango wa mabati, mikono bado ina grisi.
Sekunde arubaini. Hakuna salamu, hakuna "shikamoo, mjomba",
ila injini tu, ya mipigo miwili, inakohoa
kama mtu aliyelishwa muhogo mkavu akanyimwa maji.

Nikausikiliza mara tatu. Mara ya nne nikazima feni.

Khatib, mtoto wa dada yangu Time,
yuko huko kwenye milima ambayo jina lake ulimi wangu haujaliweza,
anamtengenezea tajiri mmoja pikipiki kuukuu isiyo na magurudumu:
mbele ina skii mbili, nyuma mkanda wenye meno,
na inapanda theluji wima, anasema, kama komba na mnazi.
Bondeni ilinguruma. Juu imegoma.

Mie theluji naijua ya kwenye friza ya Bi Mgeni,
pale Limbani, anapouza malai.
Na kilima kirefu kuliko vyote nilichokipanda na Vespa
hakikumaliza hata taarifa ya habari.
Lakini kabureta ni kabureta. Ina koo, na koo halidanganyi.

Nikamjibu: fungua plagi. Ina rangi gani?

Ikaja picha. Nyeusi tii, imelowa,
kama tako la sufuria ya shughuli.

Basi sikiliza, mwanangu. Huko juu hewa ni haba.
Petroli inamiminwa kwa kipimo cha pwani:
wali wa watu mia, walaji sitini.
Kinachobaki ndio moshi, ndio masizi, ndio kikohozi.
Toa jeti ya mia na sitini, tia ya mia na arubaini.
Klipu ipandishe tundu moja, sindano ishuke.
Usizidishe hapo, maana baridi nayo inaikaza hewa,
inakurudishia kidogo ulichonyang'anywa na mlima.
Halafu klachi. Tafuta vizito vyepesi
(ndiyo, vizito vyepesi, usinicheke);
injini yenye njaa haitwikwi mzigo wa injini iliyoshiba.

Kimya. Siku mbili.

Ya tatu, sekunde kumi na mbili.
Nilikuwa nimelala chini ya bodaboda ya Shaame.
Mlio mmoja, mrefu, mkavu,
kama kitambaa kipya kinapochanwa dukani,
na nyuma yake mtu anacheka.
Dada yangu akaipokonya simu, akaibana sikioni:
"Ndiye? Anacheka na nani?"
Akairudia, akairudia,
akitafuta pumzi za mwanawe ndani ya mngurumo.

Miaka sita. Amezoea.
Anasema maneno mafupi sasa, mengine anayameza nusu,
kana kwamba nayo kayapunguzia jeti.
Mfungo sita anakuja, kwa wiki tatu.
Time ameshaanza kuhesabu kuku.

Nikarekodi la mwisho. Nikalifuta. Nikarekodi tena:
Khatib, siku ya kuishuka hiyo milima, usisahau.
Kipimo cha juu usije nacho chini.
Huku hewa nzito, petroli itakuwa kiduchu,
na injini yenye kiu, hili ndilo baya lake, haikohoi.
Inalia vizuri mno. Inakwenda kwa raha, utaisifu,
na katikati ya raha hiyo pistoni inatoboka.
Rudisha jeti kubwa kabla hujawasha.

Nikaachia kidole. Tiki mbili, kijivu.

Shaame kasimama mlangoni na kofia mkononi,
anauliza chombo chake kitakuwa tayari lini.
Nimemwambia bado kidogo,
nasubiri zigeuke buluu.